Sapu, Disko na GPA: Kinachomlemea Mwanafunzi wa Chuo Kikuu

Kila mwaka vyuo vikuu vya Tanzania hupokea vijana ambao shuleni walizoea kutajwa mstarini. Wametoka Kidato cha Sita na Daraja la Kwanza, majirani wamekuja kupongeza, wadogo zao wameambiwa waige. Muhula wa kwanza unakwisha, matokeo yanatoka, na wengi wao wanakuta wasichokizoea: C mbili, B tatu, na sapu moja, yaani mtihani wa marudio, ya hesabu au takwimu. Hakuna aliyewaambia kwamba wamekuwa wajinga, lakini ndivyo wanavyoyasoma matokeo hayo.

Maelezo mawili hutolewa haraka. Waliosoma zamani husema vijana wa siku hizi hawasomi. Wanafunzi husema kuna malekchara wanoko ambao A zao hazitoki hata kwa dawa. Yote mawili yana chembe ya ukweli, na yote mawili yanakwepa swali lenyewe. Wanafunzi wa udaktari na uhandisi huvumilia kozi ngumu kweli kweli bila kuvunjika, ilhali mwingine huvunjika kwa kozi ambayo si ngumu kiasi hicho. Ugumu peke yake hauelezi tofauti hiyo. Kinacholemea zaidi ni kutojua unapimwa nini, unapimwa kwa kigezo gani, na alama moja inagusa mambo mangapi ya maisha yako. Kwa hiyo kukabiliana na shinikizo la masomo kunaanza kwa kukitoa kipimo gizani. Sehemu ya kazi hiyo ni ya mwanafunzi. Sehemu kubwa zaidi ni ya chuo.

Ngazi zilizorithiwa

Chuo cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961, majuma machache kabla ya Uhuru, katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja cha sheria na wanafunzi wasiofika ishirini. Hakikutoa shahada yake. Kilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, na mwaka 1970 kila kimoja kikashika njia yake. Mitaala ilibadilika, Masomo ya Maendeleo, ile DS inayojulikana na kila aliyepita Mlimani, yakawa ya lazima, lakini ngazi za shahada zilibaki zilezile: daraja la kwanza, la pili la juu, la pili la chini, na pasi. Mtahini wa nje, anayealikwa kutoka chuo kingine kukagua mitihani na usahihishaji, naye ni urithi huohuo.

Urithi huu unaeleza jambo linalowachanganya wengi. Kidato cha Sita, A huanza 80. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam A huanza 70, B+ huanza 60, B 50, C 40, na chini ya hapo ni kufeli. Kijana anayelinganisha namba hizo mbili huona chuo kimelegeza kamba. Haelewi kwamba katika desturi ya Kiingereza 70 ilikuwa mlango wa daraja la kwanza, na mlango huo ulifanywa mwembamba kwa makusudi. Kwenye masomo ya insha kama historia, sheria au sosholojia, jibu lililo sahihi, lenye mpangilio, lililorudisha yote yaliyosemwa darasani, linaweza kuishia 58 au 62. Kinachovuka 70 ni jibu lenye hoja ya mwandishi mwenyewe, lililotokana na kusoma nje ya madesa, yaani notisi za kozi, na kupima upande wa pili. Kwenye kozi za kukokotoa hali ni nyingine: ukipata hesabu zote umepata zote, na 90 haimshangazi mtu. A mbili za wanafunzi wawili waliokaa chumba kimoja hosteli zinaweza kuwa zimepimwa kwa desturi mbili tofauti kabisa.

Mwanafunzi aliyekariri desa kwa uaminifu na kuliandika lote hupata 55 na kuamini ameonewa. Kwa mujibu wa sheria za mchezo aliojifunza kwa miaka 13 ya shule, ameonewa kweli. Sheria zilibadilika pale getini na hakuna aliyezisoma kwa sauti.

Kwamba alama ni uamuzi wa watu, nchi nzima ilifunzwa na matokeo ya Kidato cha Nne ya mwaka 2012. Yalipotangazwa Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata daraja sifuri. Serikali iliunda tume, matokeo yakafutwa, yakapangwa upya kwa utaratibu mwingine wa viwango, na yalipotolewa tena mwezi Mei maelfu walikuwa wamepanda daraja. Karatasi za majibu zilikuwa zilezile. Kilichobadilika ni mstari. Hii haina maana kwamba alama ni uongo. Ina maana kwamba kila mstari una aliyeuchora, na mwenye kupimwa ana haki ya kujua aliuchora kwa sababu gani.

Hesabu iliyo nyuma ya herufi

Katika mfumo wa GPA, yaani wastani wa pointi za kozi zote, wenye kilele cha 5, A hubeba pointi 5, B+ pointi 4, B pointi 3 na C pointi 2. Daraja la kwanza huanza 4.4, la pili la juu 3.5, la pili la chini 2.7, na pasi 2.0. Kati ya alama 60 na 69 hakuna tofauti yoyote katika GPA. Kati ya 59 na 60 kuna pointi nzima. Mfumo wa namna hii huadhibu na kuzawadia ukingoni. Wanafunzi wawili wenye uelewa uleule wanaweza kutenganishwa na swali moja la alama mbili.

Anayeijua hesabu hii ana ahueni ambayo asiyeijua hana. Chukua kozi ambayo kosiweki, yaani kazi za muhula, ina alama 40 na mtihani wa mwisho, yaani UE, una alama 60. Aliyeingia kwenye UE na 28 anahitaji 42 kati ya 60 ili afikishe 70. Aliyeingia na 20 anahitaji 50 kwa A hiyohiyo, lakini 40 tu kwa B+. Wa pili akiikimbiza A kwa kukesha usiku saba mfululizo, huku akiiacha kozi nyingine iliyo ukingoni mwa sapu, amepoteza pande mbili. Muda wa kusoma hugawanywa vizuri zaidi na mtu anayejua anasimama wapi.

Hesabu hiyohiyo hutuliza hofu ya mwaka wa kwanza. Tuseme mtu amemaliza mwaka wa kwanza na GPA ya 2.6 katika shahada ya miaka mitatu ambayo kila mwaka una uzito sawa. Ili amalize na 3.5, miaka miwili iliyobaki inampasa awe na wastani wa 3.95, yaani karibu kila kozi apate B+. Ni kazi, lakini si muujiza. Akitaka 3.8, atahitaji wastani wa 4.4, na hapo ajiulize kwa nini anaitaka. Swali si la dharau: 3.8 ndicho kiwango cha chini kilichowekwa katika muundo wa utumishi wa vyuo vikuu kwa anayetaka kuajiriwa kama mkufunzi msaidizi, na katika shahada ya uzamili hutakiwa awe na 4.0 ili apande kuwa mhadhiri msaidizi. Asiyekusudia kufundisha chuoni hana sababu ya kulilia tofauti ya 3.7 na 3.8. Milango mingi ya uzamili hufunguka kwa daraja la pili, na waajiri wengi huuliza daraja, wala hawaulizi desimali.

Wengine huona aibu kupiga hesabu za namna hii, wakidhani ni kutafuta njia ya mkato. Ni kinyume chake. Anayejua kinachodaiwa anaweza kuacha kuhangaikia namba na kurudi kwenye somo.

Mzigo usioandikwa kwenye ratiba

Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) huhesabu krediti moja kuwa saa 10 za kujifunza, na mwaka mmoja wa shahada ya kwanza kuwa krediti 120. Hizo ni saa 1,200 kwa mwaka. Zikigawanywa kwa majuma 30 ya masomo, zinatoka saa 40 kwa juma, sawa na ajira kamili. Kozi moja ya krediti 12 ni saa 120. Kama mihadhara na semina ni saa 4 kwa juma katika majuma 15, basi nusu nyingine ya saa hizo ni za mwanafunzi mwenyewe, nje ya darasa. Ratiba ya mwaka wa kwanza iliyobandikwa ubaoni huonyesha saa za darasani tu. Kijana aliyezoea shule ya bweni yenye kengele ya prepu huiona ratiba hiyo kama likizo, halafu juma la 12 linamfika kama mafuriko.

Juu ya saa hizo kuna lugha. Mtanzania wa kawaida amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, sekondari kwa Kiingereza, na anaingia chuoni akitakiwa kujenga hoja kwa lugha asiyoitumia kugombana wala kutania. Tangu ripoti ya Criper na Dodd ya mwaka 1984 ilipoonyesha jinsi Kiingereza kilivyo dhaifu katika shule za sekondari nchini, wanazuoni kama Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameandika mara kwa mara kwamba lugha ya kufundishia inafunika maarifa ya mwanafunzi. Msahihishaji anapoandika kwamba hoja haieleweki, mara nyingi hawezi kujua kama kilichokosekana ni hoja au ni sentensi. Alama moja inapima vitu viwili, na mwanafunzi anaambiwa jumla tu.

Kisha kuna ukubwa wa madarasa. Tangu kufunguliwa kwa vyuo binafsi miaka ya 1990 na Chuo Kikuu cha Dodoma mwaka 2007, milango ya elimu ya juu imepanuka sana, na ni jambo jema. Lakini kozi ya pamoja yenye watu 500 ina hesabu yake. Msahihishaji akitumia dakika 15 kwa kila kitabu cha majibu, anahitaji saa 125, yaani zaidi ya majuma matatu ya kazi asiyochanganya na kitu kingine, kwa kozi moja. Matokeo yake yanajulikana: testi zinarudishwa wakati UE imeshakaribia, zikiwa na namba nyekundu na alama ya vema, bila neno.

Na mwisho kuna fedha. Wanafunzi wengi wanaishi kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo (HESLB), lile bumu linalosubiriwa kama mvua za vuli. Kuendelea kupewa bumu kunategemea kuendelea na masomo. Anayekeri kozi anaibeba hadi mwaka unaofuata pamoja na mzigo mpya. Anayedisko, yaani anayeondolewa chuoni kwa kushindwa masomo, hupoteza nafasi, lakini deni la fedha alizokwisha kutumia linabaki, na siku akipata ajira rasmi atakatwa asilimia 15 ya mshahara kama mwenzake aliyehitimu. Hapo ndipo alama inapoacha kuwa taarifa kuhusu kozi na kuwa kodi ya chumba, chakula, na ada ya mdogo wake aliyeko sekondari. Mama aliyeko kijijini haulizi GPA, anauliza, "Mwanangu, unamaliza lini?" Swali hilo fupi lina uzito kuliko karatasi yoyote ya mtihani.

Upande wa anayesahihisha

Ni rahisi kumlaumu mhadhiri mnoko, na wapo wanaostahili. Lakini ukali wa wengi una sababu zake. Mhadhiri wa famasia anayemfaulisha asiyejua vipimo vya dozi anawaachia wagonjwa mzigo. Ndiyo maana katika fani za tiba mstari wa kufaulu huwekwa juu zaidi. Idara inayogawa A kama pipi hupoteza heshima kwa waajiri, na wa kwanza kuumia ni mwanafunzi bora ambaye A yake haitofautishwi na ya jirani.

Marekani wamelijaribu jambo hili kwa njia ya kanuni. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Princeton kiliweka lengo kwamba A zisizidi asilimia 35 katika kila idara, ili kuzuia herufi hiyo isizidi kushuka thamani. Miaka kumi baadaye, mwaka 2014, kikaiondoa kanuni hiyo. Wanafunzi walikuwa wameielewa kama mgao: A ya mwenzangu ni A niliyonyang'anywa. Chuo jirani kwa hadhi, MIT, kilikuwa kimeshika njia nyingine tangu mwaka 1968, ya kuandika kufaulu bila herufi kwa wanafunzi wanaoanza, ili wazoee mwendo kabla hawajaanza kupangwa. Kwa pamoja mifano hiyo inafundisha jambo moja: wanafunzi hustahimili kiwango kigumu kinachomdai kila mtu peke yake, na huharibika kwa kiwango kinachowafanya wawindane.

Upo pia utafiti unaopaswa kubandikwa katika kila ofisi ya mhadhiri. Mwaka 1988 Ruth Butler, mtafiti wa Israel, aliwagawa wanafunzi wa shule katika makundi. Waliopewa maoni tu juu ya kazi yao waliimarika katika kazi iliyofuata. Waliopewa namba tu hawakuimarika. Waliopewa namba pamoja na maoni nao hawakuimarika. Macho yalienda kwenye namba na maoni yakabaki bila msomaji. Mhadhiri anayetaka ukali wake ufundishe anaweza kurudisha rasimu ya kwanza ikiwa na sentensi mbili za ushauri bila alama, kisha akasahihisha ya pili kwa ukali wote anaoutaka.

Lakini giza lina watu wanaolipenda. Pale ambapo hakuna anayejua alama imetokaje, anayeishika kalamu anaweza kuigeuza biashara. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inataja rushwa ya ngono kuwa kosa la jinai, na taasisi ya kupambana na rushwa, TAKUKURU, imeshafanya uchunguzi wa tatizo hilo katika vyuo vikuu viwili vikubwa vya umma, Dar es Salaam na Dodoma. Binti anayeambiwa kwamba alama zake "zina shida" na aje kuziona jioni, hana tatizo la kukabiliana na shinikizo la masomo. Anakabiliwa na uhalifu, na ushauri wa kujipanga vizuri zaidi ni tusi kwake. Kinachomlinda ni usahihishaji wa namba bila majina, mtahini wa pili, na njia ya kushitaki isiyopitia mlango wa anayeshitakiwa.

Kinachomsaidia mwanafunzi

Ndani ya mfumo huo wenye kasoro, kuna mambo yanayofanya kazi. La kwanza ni kusoma kanuni za mitihani katika juma la kwanza, si baada ya matokeo. Humo ndimo ilimoandikwa kosiweki ya chini inayomruhusu mtu kuingia kwenye UE, alama ya juu inayoweza kupatikana kwenye sapu (vyuo vingi huishia C hata ukipata 80), GPA inayomfanya mtu adisko, muda wa kukata rufaa na ada yake. Humo pia imeandikwa jinsi ya kuahirisha mtihani kwa ugonjwa au msiba. Ruhusa hiyo huombwa kabla; aliyekwisha kuketi na kuandika akiwa na homa huhesabiwa kuwa amefanya mtihani.

La pili ni namna ya kusoma. Njia maarufu ya kupiga msuli ni kusoma desa mara nne na kupaka rangi mistari. Mwaka 2006 watafiti Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilinganisha wanafunzi waliosoma kifungu mara mbili na waliokisoma mara moja kisha wakajitahini bila kukitazama. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya juma moja, waliojitahini walikumbuka asilimia 56, na wenzao asilimia 42. Kurudia kusoma kunampa mtu hisia ya kujua. Kujitahini kunamwachia ujuzi wenyewe. Kwa mwanafunzi wetu hii ina maana ya kufunga desa, kuchukua mitihani ya miaka iliyopita, na kuandika jibu zima kwa kalamu na kwa saa, kwa Kiingereza kilekile kitakachosahihishwa. Kazi hii inapima somo na lugha kwa pamoja. Inafaa pia kwa zama hizi ambapo akili mnemba inaandika asaimenti kwa sekunde chache: kosiweki inapendeza, halafu chumba cha UE kinamkuta mtu ambaye mkono wake haujawahi kujenga aya.

La tatu ni wenzako. Miaka ya 1970 Uri Treisman, mwanahisabati wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, alijiuliza kwa nini wanafunzi Weusi walifeli kalkulasi wakati Wachina wengi walifaulu. Alidhani atakuta tofauti ya maandalizi au ya bidii. Akawafuata wanakoishi, akakuta Wamarekani Weusi wakisoma kwa bidii kila mmoja peke yake, na Wachina wakisoma kwanza peke yao kisha wakikutana kulinganisha majibu, kukosoana na kupeana habari za mitihani. Alipoanzisha warsha za matatizo magumu kwa makundi, matokeo ya wanafunzi Weusi yalipanda sana. Hakuwapa masomo ya kufidia. Aliwapa maswali magumu zaidi na watu wa kuyajadili nao.

Sisi diskasheni tunazo, karibu kila kivuli cha mwembe chuoni kina kundi. Tatizo ni kwamba makundi mengi yameumbwa kwa ajili ya asaimenti: wawili wanaandika, wanane wanaweka majina. Kundi linalosaidia ni dogo, watu wanne au watano, kila mmoja amekuja ameshajaribu maswali, na kila mmoja anaeleza jibu lake kwa sauti mpaka wenzake wameridhika. Aliyeshindwa kueleza amegundua shimo lake mbele ya marafiki, mahali ambapo halina gharama.

La nne ni kwenda kwa mhadhiri, na kwenda na swali linalojibika. "Mwalimu, kwa nini umenipa 48?" hualika ugomvi. "Mwalimu, jibu hili lingehitaji nini ili livuke 60?" hualika somo. Mhadhiri mnoko mara nyingi hujibu swali la pili vizuri kuliko wapole, kwa sababu ukali wake unatokana na picha aliyonayo ya jibu zuri. Unachotaka ni kuiona hiyo picha.

La tano ni mwili na roho. Usingizi si zawadi ya waliomaliza kusoma. Ni sehemu ya kusoma, kwa kuwa ubongo huimarisha kumbukumbu mtu akiwa amelala. Anayekesha kwa vinywaji vya kuongeza nguvu majuma mawili mfululizo anaingia mtihanini na kichwa kilichojaa na mlango uliofungwa. Na wapo ambao uchovu umeshakuwa kitu kingine: hawali, hawalali, hawatoki chumbani, wanaona maisha hayana haja. Hao wasiachiwe kauli ya "kaza moyo." Mficha uchi hazai: ofisi ya mshauri wa wanafunzi, zahanati ya chuo, kiongozi wa dini, ndugu mmoja anayeaminika, yeyote kati yao ni mwanzo. Rafiki anayeona dalili hizo asisubiri kuombwa. Amshike mkono waende pamoja siku hiyohiyo.

Deni la chuo

Sokoni, mizani ya muuza nyama hukaguliwa na Wakala wa Vipimo na kupigwa muhuri, na mnunuzi huuona mshale ukisimama. Hakuna mnunuzi anayedai nyama ya bure. Anadai kuuona mshale. Chuo kikuu kinachopima mtaji wa miaka mitatu au minne ya kijana hakiwezi kudaiwa kidogo kuliko bucha.

Deni hilo linalipika bila bajeti kubwa. Kila kozi inaweza kuanza na karatasi moja inayoeleza jibu la C, la B+ na la A lina nini, ikiambatana na mfano wa jibu halisi lisilo na jina kwa kila daraja. Testi ya kwanza inaweza kuwekwa juma la nne, ndogo, na kurudishwa juma la sita, ili atakayeshtuka ashtuke mapema. Baada ya UE, idara inaweza kutoa maelezo ya ukurasa mmoja: maswali gani yalishinda wengi na kwa nini. Mwanafunzi aruhusiwe kukiona kitabu chake cha majibu kilichosahihishwa bila kulazimika kukata rufaa yenye ada. Kozi ambayo nusu ya darasa imepata sapu ijadiliwe na idara kama tatizo la kozi, kabla halijafanywa tatizo la wanafunzi. Kuhusu alama zinazopotea, kero inayowachelewesha kuhitimu wanafunzi wengi wa vyuo vya umma vya Kenya na isiyo ngeni kwetu, mzigo wa kuzitafuta uwe wa aliyezitunza.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalopunguza ugumu wa mtihani. Mhadhiri anayeamini A yake ni ya wachache ataendelea kuwapa wachache. Tofauti ni kwamba aliyeikosa atajua aliikosa wapi, na aliyeipata atajua aliipata kwa nini. Chuo kinachodai viwango vya juu kikaogopa kuvionyesha kina wasiwasi na viwango vyake chenyewe, na mwanafunzi asikubali kuubeba wasiwasi huo kama upungufu wa akili yake. Aulize tangu juma la kwanza, kwa adabu na kwa maandishi: kozi hii inapimaje, na jibu zuri lina sura gani? Akijibiwa, ana pa kuanzia. Asipojibiwa, aulize na wenzake, kupitia mwakilishi wa darasa, kwa mkuu wa idara, mpaka jibu lipatikane.